Jinsi ya kuongoza tripu ya baiskeli ya klabu bila kumwacha mtu njiani

Klabu nyingi zikianza, anayepewa kuongoza tripu ni yule mwenye miguu, yule anayepanda vilima vya Pugu huku anapiga stori. Na hapo ndipo watu wanaanza kupungua mmojammoja, sio barabarani tu, hata kwenye grupu la WhatsApp, maana mtu aliyeachwa peke yake Bunju na pancha, jua la saa nne, wiki ijayo haji, na wala hakwambii sababu, anakwambia tu alikuwa na dharura. Kwahiyo niseme mapema kabisa, tripu ya klabu ya kujifurahisha inapangwa kwa kumuangalia mtu wa mwisho. Spidi, njia, sehemu za kusimama, mpaka muda wa kurudi, vyote anaviamua yeye bila hata kujua. Wanaotaka kushindana watafutiwe siku yao, hakuna ubaya, ila msichanganye.

Nitaongelea zaidi Dar na Pwani kwasababu ndio barabara ninazozipita, wa Arusha au Mwanza atachukua kinachomfaa.

Njia, na upepo wake

Kwa watu wapya anza Kigamboni. Mnakutana Magogoni asubuhi, mnavuka na pantoni, mnatokea upande wa pili mnaenda mpaka Mjimwema mnageuza. Fupi, haina milima ya kumtisha mtu, na uzuri wa pantoni ni kwamba aliyechelewa anaachwa na pantoni, haachwi na wewe, kwahiyo lawama hazikuhusu. Wakizoea mnasogeza mbele kuelekea Kimbiji, ila huko mbeleni maduka yanakuwa machache, maji mbebe ya kutosha.

Ya pili ni Pugu hadi Kisarawe. Kutoka mjini ni kilomita 30 na kitu, sehemu ngumu ya kwanza sio mlima, ni Gongo la Mboto, daladala na bodaboda na watu wanavuka popote, ukishatoka pale na kuanza kuona msitu wa Pugu mtu anapumua. Vilima vipo, na vilima ndivyo vinavyopasua kundi, nitarudi kwenye hilo.

Ya tatu ndio kila mtu anaitaka, Bagamoyo. Kutoka mjini ni kilomita 65 mpaka 70 hivi kwenda tu, yaani kwenda na kurudi siku moja mnazungumzia 130 na kuendelea, hiyo sio tripu ya mtu aliyenunua baiskeli mwezi uliopita. Nendeni kwa baiskeli, mzunguke Mji Mkongwe, mle samaki, mrudi na kirikuu, kile kipikapu kidogo, au baiskeli zipande kwenye keria ya Coaster. Hamna aibu yoyote hapo.

Halafu kuna kitu watu wa Pwani tunakijua toka utotoni ila kwenye baiskeli tunakisahau, upepo. Barabara ya Bagamoyo kwa ujumla inaelekea kaskazini magharibi. Miezi ya kusi, kuanzia kama Mei hivi mpaka Septemba, Oktoba, upepo unatoka kusini na kusini mashariki, kwahiyo unakusukuma mgongoni toka Tegeta, kila mtu anajiona bingwa, mnafika Mapinga mnacheka, na wakati wa kurudi ndio unakula nao uso kwa uso huku miguu imeshachoka na jua limekaa juu. Kiongozi asiyejua hili anaangalia muda wa kwenda anauzidisha mara mbili, anawaambia watu saa tano mtakuwa nyumbani. Sahau. Miezi ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, upepo unapiga ubavuni kutokea baharini, haukucheleweshi sana ila basi kubwa likipita upande wa kulia linaukata upepo ghafla na likishapita unarudi kwa nguvu, mtu mwepesi anayumba kabisa. Na miezi yote upepo unaongezeka kadri asubuhi inavyokwenda, kwahiyo kuwahi kuondoka ni nusu ya kazi.

Siku mbili tatu kabla, pita njia yenyewe. Sio kwenye ramani ya simu, pita. Ramani haikwambii kwamba ukingo wa lami umeliwa na maji ya mvua, au kwamba mchanga umemwagika kwenye kona, au kuna sehemu wamechimba kwa ajili ya ujenzi na magari yote yamesukumwa upande mmoja. Andika sheli zenye choo kinachofunguliwa asubuhi, miti yenye kivuli ambapo watu kumi wanaweza kukaa nje kabisa ya lami, fundi baiskeli alipo, na zahanati. Masika ikichanganya usipange njia inayopita Jangwani, Msimbazi ukijaa mtabaki upande wa pili mnaangalia maji.

Tangazo

Ugomvi mwingi wa njiani unaanzia kwenye tangazo. Mtu kaambiwa "tripu ya kawaida tu", kaja na baiskeli ya mwanae. Tangazo liwe hivi:

"Jumamosi. Mwenge, Tegeta, Bunju na kurudi, jumla kama km 50. Spidi km 16 hadi 18 kwa saa kwenye tambarare, yaani spidi ya kuongea. Tunasimama mara mbili. Kukusanyika saa 12 kamili asubuhi, magurudumu yanaanza kuzunguka saa 12 na nusu. Njoo na helmeti, tyubu ya saizi yako, maji lita moja na nusu, buku tano. Taa ya nyuma lazima. Hakuna anayeachwa, ila asiyefika saa 12 na nusu hajaachwa, hajaja."

Ile "spidi ya kuongea" iache, usiifute, kwasababu watu wengi hawajui 18 ni nini, wengine watakwambia wanaenda 25 kwasababu siku moja wakishuka mteremko simu iliwaonyesha 25. Lakini kila mtu anajua kama anaweza kumaliza sentensi nzima bila kuhema. Ukisikia nyuma kumekuwa kimya, punguza.

Saa 12 na nusu sijaitoa kichwani. Jua la Dar mwaka mzima linachomoza kati ya saa 12 na saa 12 na dakika 40 hivi, kwahiyo hapo mna mwanga wa kutosha na barabara bado haijachanganya. Jumapili ni nyepesi zaidi kwa magari ila utakosa watu wa misa ya kwanza, Jumamosi unakosa watu wa kazini, chagueni wenyewe. Ramadhani tulifanya jioni, saa kumi na nusu mpaka karibu na futari, kilomita chache, taratibu, na ilipendwa na hata wasiofunga.

Idadi: kumi mpaka kumi na mbili kwa kundi. Wakizidi gawa mawili, kila kundi na viongozi wake, na katikati muachane mita mia tatu au zaidi ili gari likishapita kundi la kwanza lipate pa kuingia kabla ya kukutana na la pili. Msururu wa watu ishirini na tano ni mrefu kiasi kwamba dereva wa Coaster hawezi kuupita kwa mara moja, atajaribu, atakutana na lori mbele, na atarudi kushoto, na kushoto ndio mlipo nyinyi. Kama mnafikiria watu mia, kwa mfano tarehe 3 Juni ambayo ni Siku ya Baiskeli Duniani, hilo ni tukio, nendeni polisi mapema mkaongee nao, msishtukize barabara.

Asubuhi kwenye sheli

Fika wa kwanza. Kila anayefika mkague baiskeli yake, mwenyewe kwa mikono yako, usimuulize "iko fresh?" maana jibu ni moja siku zote. Bonyeza tairi kwa dole gumba. Kamata breki ya mbele sukuma baiskeli, gurudumu la nyuma linyanyuke kidogo, kisha jaribu breki ya nyuma. Tikisa magurudumu kushoto kulia kama yamelegea, na kwa zile za kufunga kwa kishikio angalia kishikio kimebana kweli, wengi wanakizungusha tu kama nati wakati kinatakiwa kulazwa. Cheni kavu tia mafuta. Nguo: dera, shuka, suruali pana, chochote kinachoweza kuingia kwenye cheni kifungwe na lastiki.

Na tafadhali usimdharau mtu aliyekuja na Phoenix. Ile baiskeli nzito lakini haivunjiki, na wengi wanaoiendesha wanaiendesha kila siku ya Mungu kwenda kazini, saa tatu asubuhi utawaona wako vilevile wakati mwenye baiskeli ya karboni amelala chini ya mwembe.

Chukua jina la kila mtu na namba ya ndugu, sio namba yake, ya ndugu. Hesabu watu kwa sauti. Hotuba dakika tatu tu: njia, pa kusimama, ishara, nani kichwa nani mkia. Picha pigeni hapa, mkiwa bado wazuri.

Kichwa na mkia

Kichwa ni anayetangulia, mkia ni anayekaa nyuma ya wote, na mkia ndio bosi. Watu wakisikia hivi wanashangaa ila fikiria, nani anaona kundi zima? Kichwa anaona barabara tupu. Mkia anaona fulani ameanza kuyumba, fulani anakanyaga gia nzito, fulani chupa yake imeisha toka Boko. Kwahiyo mpe mkia mtu wako mwenye nguvu na utulivu, mwenye vifaa, pampu, viraka, gundi, spana, alenki, maji ya ziada, na simu yenye chaji na salio. Usimpe umkia mtu anayeenda polepole kwasababu "atakuwa nyuma tu hata hivyo", huyo akipata shida yeye mwenyewe nani atajua?

Sheria ya mkia ni moja, hampiti mtu. Akisimama mtu, na yeye anasimama. Kichwa kazi yake ni spidi. Sio spidi ya wastani, spidi isiyobadilika. Hapa ndipo wengi wanaharibu bila kujua: kichwa akiongeza kidogo tu baada ya tuta, kutoka 16 hadi 20, wa pili anachelewa kidogo kuitikia, wa tatu zaidi, ikifika kwa wa kumi yule ameachwa mita sitini na anatakiwa akimbie 25 kuziba, akifika, kundi linapunguza kwa tuta linalofuata, anashika breki, na mchezo unaanza upya. Kwa hiyo njia moja, spidi moja, wa mbele anasema tripu ilikuwa laini na wa nyuma anasema ilikuwa mateso, na wote wanasema kweli. Dawa yake, ukitoka kwenye tuta, kona, au taa, tembea taratibu mpaka mkia apige filimbi au atume ishara kwamba wote wametoka, ndio uongeze, na uongeze kidogokidogo.

Mlimani ni tofauti, mlimani usijaribu kubana watu pamoja, kila mtu ana mlima wake. Achia watu wapande kwa mwendo wao, mkia abaki na wa mwisho, na juu kabisa mnakusanyika pembeni. Ila, na hii iandike kwenye kiganja: wa mwisho akifika juu msiondoke palepale. Wa kwanza walishapumzika dakika nane, yeye kafika sasa hivi, mkiondoka maana yake mchovu kuliko wote ndio pekee aliyenyimwa kupumzika. Mpe dakika zake, anywe maji, ajibu utani wa watu, ndio muende.

Kwenye kona za kupotea, kwa mfano mnaacha barabara kuu kuingia mtaani, tumia mtu wa kona. Kichwa akifika anamwambia aliye nyuma yake "baki hapa", yule anasimama pembeni anaelekeza wote mpaka amuone mkia, kisha anaingia mbele ya mkia anaendelea. Kona inayofuata anabaki mwingine. Kwa namna hii hata kundi likichanika vipande vitatu hapotei mtu, na hakuna haja ya kutuma lokesheni huku unaendesha.

Mkiwa kwenye lami

Mstari mmoja, kushoto. Wawili wawili mnaongea vizuri ndio, ila Barabara ya Bagamoyo ukishapita Bunju haina nafasi hiyo. Na njia ya mwendokasi usiingie hata ikiwa tupu, ile ni ya mabasi tu.

Nafasi kati ya mtu na mtu, kwa wanaoanza, iwe urefu wa baiskeli moja. Wazoefu wanakaribiana kwasababu aliye nyuma anakingwa upepo na anaokoa nguvu nyingi, hasa kwenye ule upepo wa kurudi niliousema, hapo wenye nguvu wapokezane kukaa mbele dakika chache chache. Lakini kuna kosa moja linaloangusha watu kuliko mashimo: tairi lako la mbele kuingia ubavuni mwa tairi la nyuma la mwenzio. Yeye akikwepa jiwe kidogo tu, tairi lake linagusa lako, yeye hata hasikii, wewe usukani unakukataa na uko chini, na aliye nyuma yako anakupanda. Kaa nyuma ya tairi au pembeni kwa nafasi ya kutosha, katikati ya hapo hapana.

Maneno yawe mafupi, yapokelewe mtu kwa mtu: "Shimo!" "Mchanga!" "Rasta!" "Gari nyuma!" "Tunasimama!" Rasta ni yale matuta madogo ya mfululizo. Kidole kionyeshe upande wa shimo, ila kwa mpya ambaye hajazoea kuachia usukani, mdomo unatosha. Sio kila kokoto itangazwe, watu wataacha kusikiliza. Gari nyuma anatangaza mkia. Bodaboda wanaokuja upande wenu wakiwa kinyume, na wapo, kichwa apige kelele mapema na watu wabaki kwenye mstari, mtu asiruke kulia.

Daladala ikisimama mbele yenu msiipite kwa kushoto, abiria anashuka mlangoni na mlango uko kushoto. Mnasubiri au mnapita kulia wote baada ya kichwa kuangalia, na kama hakuna nafasi ya watu wote, wengine wasubiri. Taa zikiwakata katikati, waliopita waendelee taratibu mpaka sehemu ya wazi, wasisimame kwenye makutano, na walioachwa wasikimbize taa nyekundu eti kuwahi wenzao.

Pancha, kuishiwa nguvu, na ajali

Pancha ikitokea anayesimama ni mwenye pancha, mkia, na fundi wenu. Wengine wote wanasogea mbele kwenye kivuli, baiskeli nje ya lami. Kila mtu akizunguka kutoa ushauri mnakuwa kizuizi barabarani, na pancha ya dakika kumi inakuwa ya nusu saa.

Kabla ya kuweka tyubu mpya tafuta kilichotoboa. Kwenye barabara kuu mara nyingi ni vile vyuzi vya chuma vinavyobaki tairi la lori likipasuka, vyembamba, vinaingia kwenye mpira na kichwa hakionekani kwa nje. Pitisha kitambaa ndani ya tairi polepole mzunguko mzima, kitambaa kitanasa pale kilipo, kitoe kwa koleo. Usipofanya hivyo tyubu mpya itakufa kabla ya kilomita moja. Na zile tyubu zenye vali nyembamba, pampu ya sheli haiingii, kuwa na kile kiadapta, ni kidogo kama kifuniko na kinauzwa bei ya soda.

Maji, mtu anahitaji kama nusu lita mpaka robo tatu kwa saa, joto letu hili akitoka jasho sana zaidi. Beba pakiti za ORS, moja kwa lita moja. Kwenye kusimama kuleni ndizi, mihogo, chapati, dafu. Chai nzito na sambusa kumi waambie wasubiri mkifika. Ukiona mtu ngozi ya moto, anayumba, anaongea vitu havieleweki, tripu yake imeisha hapohapo: kivulini, mmwagie maji, mumpepee, na hospitali. Usimbembeleze amalizie.

Ajali ikitokea, mtu mmoja anazuia magari kwa nyuma mbali kidogo, mmoja yuko na majeruhi, mmoja anapiga 112, na usimnyanyue aliyegonga kichwa au shingo kama hayuko kwenye hatari ya kugongwa tena. Halafu gawaneni: mmoja anaenda na majeruhi hospitali, mwingine kituo cha polisi kufuata PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, msisubiri mpaka mapokezi wawaulize ndio muanze kutafutana. Pigeni picha gari, namba, na zilipo baiskeli kabla hazijasogezwa. Anayempigia ndugu awe mmoja, kiongozi, sio watu sita kila mmoja na stori yake.

Kurudi

Hesabu tena kwa sauti, namba ile ile ya asubuhi. Anayechepuka njiani kwenda kwake amuage mkia, mkia amtoe kwenye hesabu, la sivyo mtarudi Tegeta kumtafuta mtu aliyekaa kwake anakunywa uji. Kila mtu aandike "nimefika" kwenye grupu, na asiyeandika baada ya saa moja apigiwe simu.

Hesabu za zile buku tano zitume siku hiyohiyo, kirikuu kiasi gani, maji kiasi gani, kimebaki nini na kiko kwa nani. Halafu mpigie yule aliyekuwa wa mwisho, kwa sauti sio meseji, muulize sehemu gani ilimshinda na tulisimama kwa wakati au tulichelewa, na umbali wa Jumamosi ijayo uupange baada ya hiyo simu.